Mtu Mmoja wa Kitanda 17B

Iko nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu waliomo wanaijua na wasiomo hawataniamini. Wenyewe katika barua zao huiita Nchi Husika, nasi tuiite hivyo hivyo tusije tukaonekana tunaleta yetu. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina bendera, na ina Chuo Kikuu chenye mabweni sita, na katika mabweni hayo hakuna upungufu wa vitanda hata kimoja. Jambo hili limeandikwa kwenye ripoti ya kila mwaka, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Mabalozi wakija kutembelea chuo huonyeshwa ukurasa huo kabla hawajapewa chai.

Siri ya mafanikio haya imo katika Mwongozo wa Mkazi, kitabu cha vifungu mia tatu na kumi na viwili ambacho kila mwanafunzi hukabidhiwa siku ya kwanza pamoja na ufunguo wa chumba. Ufunguo mara nyingine huwa umekwisha, lakini Mwongozo haujawahi kukosekana. Kifungu cha tisa kinasema: "Kitanda kimoja kitalaliwa na mtu mmoja. Pale ambapo wanaolala ni zaidi ya mmoja, watahesabiwa kuwa mmoja." Nchi nyingine zimehangaika na saruji na nondo kutafuta makazi ya wanafunzi. Nchi Husika ilitumia sentensi mbili, na wino ukabaki.

Vifungu vingine navyo vina busara yake. Pasi, hita na jiko la umeme haviruhusiwi, kwa kuwa umeme wa bwenini ni wa taa, na taa ni za siku za wageni wa kitaifa. Kandambili zisiburuzwe sakafuni kwa namna inayoonyesha manung'uniko. Mkazi awe na furaha ifikapo saa moja asubuhi, na asiyeweza alete cheti cha daktari.

Katika Bweni la Shukrani, chumba cha kumi na saba, kitanda B, alikaa msichana wa mwaka wa pili aitwaye Skolastika, na wenzake walimwita Skola. Skola alikuwa mtu wa sheria. Tangu alipoingia chuoni hakuwahi kuchomeka pasi, hakuwahi kuburuza kandambili, na kila saa moja asubuhi alikuwa na furaha, hata siku aliyokuwa na malaria. Alijikaza hivyo kwa sababu moja tu: alikitaka Chumba Namba Moja.

Chumba Namba Moja kipo karibu na lango, na hupewa Mkazi wa Mfano, mmoja kwa kila muhula. Kina kitanda kimoja, tena kipana. Kina dirisha linalofunga, tundu la umeme linalofanya kazi, na meza isiyo ya mtu mwingine. Skola alikuwa amewahi kuchungulia ndani mara moja mlango ulipoachwa wazi, akaona pazia. Tangu siku hiyo, akifumba macho, aliliona lile pazia.

*

Mwaka wa pili ulipoanza, majina ya waliopata vitanda yalibandikwa ubaoni, na jina la mwenzao mmoja aitwaye Zamaradi halikuwamo. Alipokwenda kuuliza aliambiwa jina lake lipo kabisa, isipokuwa karatasi haikutosha.

Hapo ndipo linapoingia lile jambo ambalo Nchi Husika haina na wanafunzi wake wote wanalifanya. Linaitwa kubebana. Mwenye kitanda humchukua asiye na kitanda, wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kukicha wanaamka wakiwa mtu mmoja kwa mujibu wa Kifungu cha tisa. Anayechukua ni mbebaji, anayechukuliwa ni mbebwa. Kwenye kitanda A cha chumba kile kile alikuwamo Yunisi na binamu yake, na hao nao walikuwa mtu mmoja.

Skola alimchukua Zamaradi kwa moyo safi, tusimsingizie. Alimkuta amekaa juu ya sanduku, amepakata ndoo, anatazama watu wanavyopita na magodoro yao.

"Dada, utakaa hapo mpaka lini?" akamwuliza. "Inuka twende. Kitanda changu ni chembamba, lakini na sisi wenyewe si wanene."

Zamaradi hakusahau. Kwa wiki tatu alishukuru kila asubuhi. Alichota maji ndoo mbili, moja yake na moja ya Skola. Alifua shuka, akalitandika, akalinyoosha pembe zote nne. Skola alipenda mambo hayo kuliko alivyotarajia. Wakiwa wamepanga foleni kafeteria alikuwa akiwaambia watu kabla hawajauliza: "Huyu nimembeba mimi." Watu walimwambia ana roho nzuri, na yeye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu asiyetaka kusifiwa.

Ubaya ni kwamba baada ya wiki tatu watu walizoea. Waliacha kumwangalia mbebaji, wakaanza kumwangalia mbebwa.

*

Wa kwanza alikuwa Matroni Efrazia, mlezi wa bweni, mama mwenye funguo nyingi kiunoni ambaye hajawahi kukosea namba ya kitanda wala kupatia jina la mtu. Kwake wasichana wote ni vitanda. "3A amefiwa na shangazi," husema. "22B apunguze manukato." Asubuhi moja alisimama mwisho wa korido, akaita:

"Wewe 17B, njoo mwanangu."

Skola akageuka haraka. "Shikamoo mama. Abee."

"Si wewe. Namtaka yule 17B anayecheka."

Zamaradi akaenda, akasalimia, akacheka, akarudi na viazi vitamu viwili vya moto vimefungwa kwenye gazeti. Alimpa Skola kikubwa. Skola alikila, na kilikuwa kitamu.

Roho ilimuuma, na ilizidi kumuuma kwa sababu hakuliona kosa. Zamaradi hakuwa mmbea wala mdokozi. Hakuwa hata mzuri sana wa sura, maana hilo Skola alilichunguza mchana kweupe. Alikuwa tu na namna ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake. Mlinzi wa lango alimweleza habari za mguu wake mbovu. Yunisi, aliyekuwa akificha pasi ya umeme ndani ya begi la nguo chafu na kumnyima kila mtu, alimtolea Zamaradi pasi hiyo bila hata kuombwa. Skola alikuwa amelala chumba kimoja na Yunisi tangu mwaka wa kwanza na hakujua kama kuna pasi.

Halafu likaja suala la Kasiani. Kasiani alikuwa kijana wa uhandisi, mpole, aliyekuja kumtembelea Skola kila Jumamosi. Kifungu cha arobaini na nne kinaelekeza kwamba mgeni wa kiume atapokewa kwenye benchi la wageni, mbele ya mlinzi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na mazungumzo yatahusu masomo, afya za wazazi, na hali ya hewa isiyoihusu Serikali. Wengi wameoana nchini humo kwa mazungumzo hayo hayo.

"Mama nyumbani hajambo?" Kasiani aliuliza Jumamosi moja.

"Hajambo."

"Na huku mvua mliipata?"

"Tuliipata."

Kasiani akatazama mlango wa bweni. "Na yule mwenzako wa chumbani leo hayupo?"

Mlinzi akakohoa. "Kijana, mada hiyo haimo."

"Nauliza afya yake tu, mzee wangu."

Mlinzi akafikiri, akaona kwa kulegeza kidogo inaingia. "Hata mimi sijamwona tangu mchana," akasema. "Natumaini haumwi." Wakabaki wanaume wawili wanaitazama njia kwa wasiwasi, na Skola amekaa katikati na gauni lake alilolinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro. Siku hiyo aliingia ndani saa kumi na nusu na kusema anaumwa kichwa. Zamaradi akamkanda.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, wakazi wote waliitwa bwaloni. Matroni Efrazia alipanda juu ya kiti, akafungua bahasha yenye mihuri mitano.

"Mkazi wa Mfano wa muhula huu," akasoma, "ni kitanda 17B."

Makofi yalipigwa, Yunisi akamgonga mgongoni, na kwa muda wa kama nusu dakika Skola alikuwa mtu mwenye heri kuliko wote katika Nchi Husika. Aliliona pazia. Alijiona anachora michoro ya masomo yake mezani na mlango umefungwa kwa ndani.

"Sababu," Matroni akaendelea. "Moja, huwasalimia wote, wakubwa kwa wadogo. Mbili, hufagia korido hata isipokuwa zamu yake. Tatu, alimsaidia 9A kubeba maji siku tano mfululizo alipoteguka mkono. Nne, hucheka vizuri. Sababu hizi zitaandikwa kwa mwandiko mzuri, zitiwe kwenye fremu, na kutundikwa Chumba Namba Moja juu ya kitanda. Ufunguo utakabidhiwa Ijumaa na Mheshimiwa Mkurugenzi."

Hakukuwa na sababu hata moja iliyokuwa ya Skola. Skola alifagia siku za zamu yake. Mkono wa 9A hata hakujua kama uliteguka.

Zamaradi alimkumbatia mbele ya watu. "Hongera, Skola wangu. Chumba umekipata."

"Kwani wewe hukusikia sababu?"

"Nimesikia. Si wamesema 17B? Na 17B ni wewe. Mimi huko kwenye daftari simo."

Alisema hivyo bila kinyongo chochote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kama Zamaradi angenuna, kama angedai walau nusu ya sifa, Skola angemhurumia na mambo yangekwisha. Lakini kupewa chumba na mbebwa, kama mtu anavyopewa kiazi kikubwa, hilo lilimkaa rohoni.

Yunisi alimpa ushauri wa kutosha kabisa. "Nyamaza mpaka Ijumaa," alisema huku akilamba kijiko. "Chukua ufunguo, ingia ndani, lala. Hiyo fremu igeuze iangalie ukuta."

Skola alijaribu. Jumatatu alinyamaza, Jumanne alinyamaza. Lakini kila alipofumba macho sasa hakuliona pazia. Aliiona fremu. Alijiona amelala peke yake kwenye kitanda kipana, na juu ya kichwa chake maneno mazuri ya Zamaradi yanamwangalia, muhula mzima. Wageni wangeingia, wangesoma, wangesema: kumbe una cheko zuri, hebu cheka kidogo. Alilotaka halikuwa jambo kubwa. Alitaka ijulikane tu kwamba katika kitanda kile yupo mwenyewe na yupo aliyebebwa, na kwamba aliyebebwa, kwa cheko lake lote, kabebwa. Baada ya hapo sifa zingeandikwa upya, na chumba kingekuwa chake kwa haki.

Jumatano asubuhi akaenda Dawati la Wivu.

*

Jina lake kamili ni Dawati la Wivu wa Maendeleo. Viongozi wa Nchi Husika waligundua zamani kwamba raia akiachwa na wivu wake nyumbani unamharibikia, hukonda, huroga, huandika barua zisizo na jina. Wakaona ni heri kila mtu aulete serikalini kwa jina lake, ukatumike kujenga taifa. Kila taasisi ina dawati, na chuoni dawati hilo lilikuwa chini ya Bwana Hamdani, karani mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, binti. Wivu wako ni wa kiwango gani? Kuna mdogo, wa kati, na wa kuleta maendeleo."

"Wa kuleta maendeleo."

"Wote husema hivyo." Akatoa fomu. "Unamwonea nani?"

"Zamaradi. Yuko kitanda 17B."

"Na wewe unakaa wapi?"

"17B."

Bwana Hamdani aliandika 17B, akakuta juu yake ameshaandika 17B. Akavua miwani, akaipangusa. "Unajionea wivu mwenyewe? Hilo lina fomu yake, ya kijani."

"Hapana, mzee. Mimi ni mbebaji na yeye ni mbebwa. Kitandani tupo wawili."

Karani akaweka kalamu chini taratibu. Akaamka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ya chini, "tangu dawati hili lifunguliwe nimepokea wivu wa viatu, wivu wa alama za mtihani, wivu wa nywele. Mwaka juzi nilipokea wa mtu aliyemwonea mwenzake wivu kwa kutokuwa na wivu. Wote hao niliwahudumia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea hesabu. Rudi ukafikiri."

"Nimeshafikiri."

"Basi kafikiri tena huku unakula. Mimi nina mabinti watatu, ndiyo maana nakwambia."

Skola akashika fomu, akaijaza mwenyewe mpaka mwisho, akaweka sahihi. Bwana Hamdani aligonga mhuri kwa uso wa mtu anayeaga maiti, akaipeleka ghorofani.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi kamati iliketi bwaloni. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dakta Bartolomeo Msengasi, Mkurugenzi wa Makazi, Nidhamu na Furaha ya Wanafunzi, mtu mfupi mwenye suti ya vipande vitatu na sauti ya kuhutubia uwanja. Kulia kwake alikaa Matroni Efrazia na kushoto mwandishi wa kumbukumbu, wajumbe wengine wakafuata, na mpiga picha wa chuo alisimama pembeni na kamera yake. Skola na Zamaradi walisimamishwa mbele yao.

"Ndugu wajumbe," Mkurugenzi akaanza, "nimekabidhiwa waraka unaodai kwamba katika kitanda kimoja cha taasisi yetu tukufu wamo watu wawili. Nataka nirudie jambo ambalo nimelisema ndani na nje ya mipaka yetu. Nchi hii haina upungufu wa vitanda. Inachokabiliana nacho ni ziada ya watu wanaotaka kulala, na hiyo ni dalili ya afya." Wajumbe wakapiga meza. "Kwa mujibu wa Kifungu cha tisa, katika 17B yumo mtu mmoja. Kazi ya kamati si kuhesabu. Kazi ya kamati ni kubaini huyo mmoja ni yupi."

Skola akaona afueni. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, kila mtu angeliona.

"Wewe uliyeleta waraka, unaujua Mwongozo?"

"Naujua, mheshimiwa." Skola akavuta pumzi, akaanza kuusoma kwa kichwa. Alisoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, hakuruka nukta. Alipofika cha sabini na moja, kinachohusu namna ya kuanika taulo, Mkurugenzi akainua mkono.

"Inatosha. Mwandishi, andika: anazijua sheria zote. Sasa nawauliza wajumbe, mkazi mwema anahitaji kujua sheria zote za nini? Raia mtulivu hujua mbili tatu. Anayezijua zote ana lake jambo." Akamgeukia Zamaradi. "Na wewe?"

"Mimi najua kile cha furaha, mheshimiwa, na cha kandambili. Vingine huwa namwuliza Skola."

"Andika: anauliza. Nani mwenye kitanda?"

Skola hakuthubutu kumwangalia mwenzake, maana hapo ndipo alipokuwa akimsubiri. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba wema ule una mwisho, na kwamba akibanwa Zamaradi atasema uongo kama watu wengine. Kwa kweli aliomba aseme uongo. Angejisikia nafuu sana.

"Kitanda ni cha Skola," Zamaradi akasema. "Mimi jina langu halikutoka. Yeye kanibeba tu, tena kanibeba vizuri. Kama kuna kosa ni langu, mimi nitoke."

Mkurugenzi akatoa leso, akajifuta macho yote mawili, kwanza la upande wa kamera. "Mwandishi, andika: unyenyekevu. Andika kwa herufi kubwa. Miaka ishirini katika utumishi sijaona mtu anayekataa kitanda."

"Lakini anasema kweli, mheshimiwa," Skola akadakia. "Ndivyo ilivyo."

"Andika: mpinzani wake naye amekiri kwamba ni msema kweli."

"Jina langu limo kwenye daftari."

"Daftari limeandikwa na binadamu. Matroni, katika 17B wewe humwona nani?"

Matroni Efrazia alimtazama Skola kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali alipomwona, na ni haki kusema kwamba alijitahidi. "Mimi huyu wa fomu simjui vizuri," akasema. "Ninayemjua ni yule anayecheka."

Uamuzi ulisomwa kabla ya chai. Mtu mmoja wa kitanda 17B ni Zamaradi, na ndiye Mkazi wa Mfano. Daftari lisahihishwe. Skolastika, ambaye kwa maandishi yake mwenyewe amekiri kuwamo kitandani wakati kitanda kina mtu mmoja ambaye si yeye, ahesabiwe kuwa hakuwamo. Kwa kuwa hakuwamo, hawezi kufukuzwa, na kamati inamtakia masomo mema.

Aliomba basi aachiwe 17B, maana Zamaradi anahama. Aliambiwa kitanda cha mshindi hakirudi kwa watu. Mchana ule ule wafanyakazi wanne wa Idara ya Matengenezo walikitoa chumbani na kukipeleka Makumbusho ya Nidhamu, kule vilikowekwa vitanda vya washindi wote waliotangulia, kila kimoja kimetandikwa vizuri na kuzungushiwa kamba asiguse mtu.

*

Kwa hiyo Skola aliingia Chumba Namba Moja. Aliingia Ijumaa jioni, na sanduku lake alibebewa na Zamaradi. Kitanda kilikuwa kipana kweli. Pazia lilikuwa la bluu, zuri kuliko alivyolikumbuka. Kwa mujibu wa Kifungu cha tisa chumbani mlikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akimwambia Skola achague upande anaoutaka wa kulala.

"Upande wowote," Skola akajibu.

Lakini uamuzi wa kamati unaruhusu rufaa ndani ya siku saba, na Skola hakuwa mtu wa kuacha kifungu kikapita bure. Jumatatu alikwenda kuchukua fomu. Bwana Hamdani alimwuliza kwanza kama anataka pia kuleta wivu mpya, kisha akakumbuka. "Samahani, binti. Wivu ni haki ya wakazi. Wewe kwa sasa utabidi ukae nao." Akampa ya rufaa tu.

Aliijaza kwa saa mbili kwenye ile meza isiyo ya mtu mwingine. Aliandika kwamba Zamaradi amejipendekeza kwa Matroni, kwamba kicheko chake ni cha mazoezi, kwamba ana kiburi kinachojificha. Aliandika kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja. Alipofika mwisho akakuta Sehemu ya Tatu: "Rufaa ya asiye mkazi haitapokelewa bila sahihi ya mkazi anayembeba."

Aliisoma mara nyingi, labda ingebadilika. Zamaradi alikuwa dirishani anapiga pasi, maana Matroni alisema kwa Mkazi wa Mfano pasi si umeme ni usafi. Kwenye ubao alikuwa amelitandaza gauni la Skola.

Skola akainuka, akampa karatasi.

Zamaradi akaichomoa pasi kwanza. Akaisoma fomu yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma, kwa utaratibu ule ule aliosikilizia habari za mguu wa mlinzi. Skola alisimama anamtazama usoni, anangoja. Angeichana, angelia, angetukana, lolote kati ya hayo lingemtosha.

"Hapa ulipoandika nina kiburi," Zamaradi akasema hatimaye, "watakuuliza mfano, na hukuweka. Bila mfano wataitupa."

"Sina mfano," Skola akasema.

Zamaradi akafikiri kwa dhati, kalamu mdomoni. "Andika kwamba nilihamia huku bila kukuomba ruhusa. Hilo ni la kweli, na kwa kweli nilikosea." Akaliandika yeye mwenyewe pembeni, kwa mwandiko wa duara unaosomeka vizuri, kisha akashuka mpaka Sehemu ya Tatu, akaweka sahihi kwenye mstari wa mbebaji na kuipuliza wino ukauke.

Skola alimwonea wivu kwa ule mwandiko. Alimwonea wivu kwa kalamu, kwa pumzi, na kwa kuweza kulala usingizi. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa.

"Wahi kabla hawajafunga," Zamaradi akamwambia, akarudi kwenye gauni. "Umekula?"

"Nimekula," Skola akasema, na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana.